Dirisha la Mji Mkongwe: ni nini hasa kinachoombewa kibali?

Shangazi yangu anakaa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe yenye madirisha manne yanayotazama kichochoro. Masika yaliyopita dirisha la chumbani kwake lilianza kupitisha maji. Asubuhi moja alikuta godoro limelowa upande wa ukutani na chokaa imevimba chini ya fremu kama andazi. Akaamua dirisha libadilishwe.

Kabla ya kumwita fundi aliuliza watu, na hapo ndipo alipochanganyikiwa. Jirani wa chini alimwambia kibali ni cha anayejenga nyumba mpya. Fundi wa alumini alimwambia ukubwa ukibaki ule ule hakuna wa kumuuliza. Mwanawe aliyeko Toronto alipiga simu kumhakikishia kwamba yeye kabadilisha madirisha sita bila karatasi hata moja. Na mzee mmoja wa barazani akafunga mjadala: "Bi mkubwa, usijisumbue, UNESCO hawataki."

Majibu hayo manne nimeyasikia mara nyingi, kwa watu wengi tofauti, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Kila moja lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Tuyafungue moja moja, lakini kwanza tukubaliane juu ya maneno.

Kibali ni nini, na dirisha ni nini

Kibali cha ujenzi ni ruhusa ya maandishi kutoka kwa mamlaka inayosimamia majengo ya eneo lako. Inasema: kazi hii uliyoieleza, kwa vipimo hivi na kwa vifaa hivi, unaweza kuifanya. Hakithibitishi kuwa nyumba ni yako, wala si risiti ya kodi. Neno "ujenzi" ndilo linalowapotosha wengi, maana mtu akilisikia anaona msingi, matofali na mchanga uliomwagwa barabarani. Kisheria neno hilo huchukua pia kubomoa, kuongeza, kupunguza na kubadilisha sura ya jengo lililopo. Kwa hiyo jirani wa chini alikuwa sahihi nusu: anayejenga nyumba mpya anahitaji kibali. Nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu shangazi.

Dirisha nalo, tukilitaja, tunakusanya vitu vinne kwa jina moja. Kuna tundu lililoachwa ukutani. Kuna kizingiti cha juu, ambacho mafundi wengi wanakiita linta, yaani mti au jiwe linalobeba ukuta ulio juu ya tundu. Kuna fremu. Halafu kuna mabawa yenyewe pamoja na vibao, vioo, nondo, bawaba na komeo. Mtu anaposema "nabadilisha dirisha" anaweza kuwa anakusudia kimoja tu kati ya hivyo, au vyote, na uzito wa kazi hizo haulingani hata kidogo.

Fikiria mgonjwa. Kichwa kikimuuma anameza panadoli na kulala. Akitakiwa kufanyiwa upasuaji, lazima atie saini na daktari ajulikane. Kubadilisha kioo kilichopasuka au bawaba iliyoota kutu ni panadoli. Kupanua tundu au kung'oa kizingiti ni upasuaji. Kung'oa fremu ya zamani na kuweka mpya kuko katikati, na hapo katikati ndipo watu wanapoumia, kwa sababu kwa macho kazi inaonekana ndogo.

Ukuta unajua nini ambacho fundi hajui

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, aghalabu nusu mita au zaidi, na ukiweka kiganja juu yake wakati wa jua kali unasikia ubaridi. Sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Mkoko haurefuki sana, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, upana wake ukizunguka mita tatu, hata pale vilipo virefu kama ukumbi. Boriti hizo zinaegemea kuta, na kuta zinaushusha mzigo wote chini, zikipita kwenye vipande vilivyobaki kati ya dirisha na dirisha.

Vipande hivyo ni kama meno. Jino moja likitoka, majirani zake wanaanza kulegea. Ukilipanua dirisha kwa sentimita 30 ili sebule ipate mwanga, umekula sentimita 30 za kipande kilichokuwa kinabeba ghorofa iliyo juu yako, pamoja na watu wanaolala humo.

Hata bila kupanua chochote, kuna mtego. Fremu haikuwekwa pale ili ibebe ukuta, hiyo ni kazi ya kizingiti. Lakini kizingiti cha mti kilichokaa miaka mingi kikishaliwa na mchwa au kuoza kwa maji, mzigo unahamia polepole kwenye fremu. Fremu inabebeshwa kazi ambayo si yake, na inaifanya kimya kimya mpaka siku fundi anapokuja na mtaimbo.

Niliwahi kusimama chumbani fundi akiing'oa fremu ya namna hiyo, si kwa shangazi, nyumba nyingine. Pigo la kwanza halikufanya kitu. Pigo la pili, chokaa ikaanza kushuka kutoka juu kama unga unaochekechwa, laini, bila kelele. Sote tukatazama juu. Ufa mwembamba kama uzi ulikuwa unapanda kutoka kona ya dirisha kuelekea dirisha la ghorofa ya juu. Fundi aliweka mtaimbo chini, akachukua gogo lililokuwa ngazini, akalikaza kati ya kizingiti na ubao wa chini, akaomba maji ya kunywa. Hakuumia mtu. Lakini kazi ile haikuwa imeombewa kibali, kwa hiyo hapakuwa na mtu yeyote mwenye ujuzi wa majengo ya mawe aliyekuja kukitazama kizingiti kabla ya pigo la kwanza. Ukiniuliza kibali kina faida gani kwa mwenye nyumba, nitakutajia ufa ule kabla sijataja sheria yoyote.

"Ukubwa ule ule"

Sasa tuje kwa fundi wa alumini. Hoja yake ina mantiki mahali pengi duniani. Toronto, kwa mfano, mwenye nyumba ya kawaida anaweza kubadilisha dirisha kwa dirisha la ukubwa ule ule bila kibali cha ujenzi. Akipanua tundu au akitoboa jipya, hapo anatakiwa kuomba. Kwa hiyo binamu yangu hakumdanganya mama yake. Alisema kweli ya Toronto. Hata huko, nyumba ikiwa katika eneo lililohifadhiwa kwa historia yake, mambo hubadilika, kwa sababu kinacholindwa si uimara wa ukuta pekee.

Na Mji Mkongwe wote ni eneo la namna hiyo. Mwaka 2000 uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hekta 96 za nyumba, vichochoro, misikiti, makanisa, mahekalu na masoko. Hakikuingizwa kisima fulani au kasri fulani peke yake. Ulioingizwa ni mji, na mji huo unatambulika kwa nyuso za nyumba zake: milango ya nakshi, mabaraza, varanda za mbao, na safu za madirisha marefu yenye mabawa ya vibao. Ukitoa madirisha hayo na kuweka vioo vya kusukuma, ukuta utabaki, lakini uso umeondoka. Ndiyo maana hapa dirisha la ukubwa ule ule bado lina swali la kujibu: limetengenezwa kwa nini, linafunguka vipi, linafanana na nini?

Katika Mji Mkongwe, basi, usijiulize kama kazi yako inahitaji ruhusa. Jiulize ni ndogo au kubwa, kisha uipeleke ijulikane kabla jukwaa halijafungwa. Mbao kwa mbao, kwa umbo lile lile, ni jambo jepesi kulieleza. Mbao kwenda alumini, au mabawa mawili kwenda kioo kimoja kipana, ni jambo la kujadiliwa, na mara nyingi jibu litakuwa hapana.

Wengi wanalichukulia jibu hilo kama watu kupenda ukale tu. Mimi naomba tulitazame dirisha lenyewe linavyofanya kazi. Dirisha la alumini la kusukuma, hata ulifungue vipi, nusu yake imefungwa muda wote, kwa kuwa kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Umelipia tundu zima, unapata upepo wa nusu tundu. Mabawa ya mbao yanafunguka yote. Yakifungwa, vibao vyake vinaendelea kupitisha hewa huku vikizuia jua na mvua nyepesi. Mwanamke aliye ndani anamwona muuza samaki anayepita chini na kumwita, wala mtu wa kichochoroni hamwoni yeye. Kioo hakifanyi hata kimoja katika hayo: kinaingiza jua, kinazuia upepo, na kinakulazimisha utundike pazia ambalo linazuia upepo uliobaki. Kisha unanunua feni.

Tena kuna suala la saruji. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa, kama shuka la pamba. Fremu ya alumini huwa inazungushiwa saruji ngumu ili ikae sawa, na saruji hairuhusu unyevu kupita kama chokaa. Maji yanabanwa pembeni, chumvi inajitokeza, plasta inaanza kumeguka kuzunguka dirisha jipya ambalo bado linang'aa. Na alumini nayo haiponi kwa hewa ya bahari. Vigurudumu na skrubu za bei rahisi zinaota kutu mapema, na dirisha linakwama likiwa nusu wazi katikati ya mvua.

Najua upande wa pili pia. Mvule na msaji ni ghali, mafundi wa mabawa ya vibao wamepungua, na fundi wa alumini anakuja leo, anapima, keshokutwa amemaliza. Mjane mwenye pensheni ndogo akilinganisha bei hizo mbili simlaumu. Kumwambia "usiweke alumini" bila kumwonyesha njia nyingine ni kumwacha na godoro lililolowa. Njia hiyo ipo, nitaieleza mwishoni.

Nani anatoa ruhusa

Mzee wa barazani alisema UNESCO hawataki. UNESCO makao yake ni Paris, na hakuna dirisha huko la kupokelea fomu ya dirisha lako. Ombi la Mji Mkongwe linakwenda kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, chombo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1985, miaka 15 kabla ya mji kuingia kwenye orodha hiyo. Sheria yake ilitungwa mwaka 1994 na nyingine ikafuata mwaka 2010. Maana yake ni kwamba Zanzibar ilianza kuzilinda nyumba hizi kabla ya orodha hiyo kuufikia mji.

Kamati ya Urithi wa Dunia inachoweza kufanya ni kuonya, kuuweka mji kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, au kuufuta kabisa. Kufuta si hadithi ya kutishia watoto. Oman, kwa ndugu zetu, hifadhi ya choroa ilifutwa mwaka 2007. Ujerumani, Dresden ilifutwa mwaka 2009 kwa sababu ya ujenzi wa daraja. Uingereza, Liverpool ilifutwa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi wa ufukweni. Hakuna mji uliofutwa kwa dirisha la shangazi ya mtu. Lakini kichochoro chenye nyumba 20 hupoteza sura yake kwa dirisha moja moja, na kila mwenye nyumba akiapa kwamba lake ni moja tu.

Mipaka nayo inachanganya watu. Mji Mkongwe unaishia Barabara ya Creek, ambayo sasa inaitwa ya Benjamin Mkapa. Ukivuka kwenda Ng'ambo uko nje ya eneo lililoorodheshwa, ingawa kuna ukanda wa pembeni unaoangaliwa ili majengo yake yasiubane mji. Mbali zaidi, Fuoni au Bububu, maombi ya ujenzi yanapita mlango mwingine na madirisha ya alumini ni jambo la kawaida. Kwa hiyo shemeji yako wa Fuoni akikwambia yeye hakuulizwa chochote kuhusu mbao, hasemi uongo, anaishi chini ya masharti mengine. Ndugu zetu wa Lamu, mji ulioorodheshwa mwaka 2001, wanakijua vizuri kilio hiki. Wao wanashughulika na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na serikali ya kaunti.

Kabla ya kuomba: dirisha ni la nani?

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, na si kwa sababu ya mbao wala alumini. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na mpaka leo familia nyingi ni wapangaji wa serikali. Nyingine ni wakfu, zinazosimamiwa kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au na wasimamizi wa familia. Nyingine ni za urithi wa watu 15, nusu yao wako Muscat, London na Dar es Salaam. Kulipa kodi kwa miaka 30 kunakupa haki ya kuishi, hakukupi haki ya kubadilisha ukuta. Kabla ya kibali cha ujenzi unahitaji neno la mwenye mali, na afadhali liwe la maandishi. Shangazi alitumia wiki mbili kupata sahihi za ndugu wawili waliobaki. Uchoraji wa dirisha ulichukua mchana mmoja.

Jirani naye ana sehemu yake, hasa ukitaka kutoboa dirisha jipya. Kwa desturi yetu dirisha halifunguliwi likatazama ua wa mwenzio wala kukabiliana uso kwa uso na dirisha lake la chumbani. Nyumba za zamani zilipangwa kwa kukwepana. Kaongee naye kwanza. Malalamiko ya jirani yanaweza kusimamisha kazi ambayo kila kitu kingine kimekamilika.

Ukishapata neno la mwenye mali, andaa mambo machache. Piga picha za dirisha kutoka ndani na kutoka nje, na moja ya mbali inayoonyesha uso mzima wa nyumba ili lionekane lilivyo kati ya wenzake. Pima tundu: upana, urefu, na unene wa ukuta. Chora dirisha jipya, hata kwa penseli na rula, uandike aina ya mbao, mabawa mangapi, vibao au kioo, rangi gani. Eleza kizingiti kiko katika hali gani. Mtaje fundi. Mpitie sheha pia, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wako, kwani kazi ya mtaani asiyoijua sheha huzaa maswali. Ukifika na vitu hivyo mkononi, mazungumzo yanakuwa juu ya dirisha lako, si juu ya karatasi zilizokosekana. Na mwombe afisa aje alitazame. Watu wengi wanaogopa ukaguzi, ilhali huo ndio wakati pekee ambapo mtu anayezijua nyumba za chokaa atasimama chumbani kwako kuutazama ukuta wako.

Wanaonijibu "mbona fulani kaweka alumini na hakuna aliyemgusa?" nawaambia hivi: huenda aliweka zamani, huenda hajaonekana bado, huenda ameshaandikiwa barua ambayo hakukuonyesha. Dirisha lake haliwezi kuwa kibali chako. Ukisimamishwa kazi tundu likiwa wazi na mvua zinakaribia, hatakuja kukuzibia.

Bisibisi kabla ya fundi

Njia niliyoiahidi ni hii: huenda huhitaji dirisha jipya. Mbao za dirisha haziozi zote kwa pamoja. Zinaanza chini, pale maji yanapotuama, kwenye ubao wa chini wa fremu na mwisho wa nguzo zake mbili. Chukua bisibisi, bonyeza kidogo kidogo kuanzia chini kwenda juu. Penye kuoza inazama kama kwenye keki. Penye uzima inagoma. Weka alama kwa chaki pale inapoanza kugoma, na hapo ndipo fundi atakapokata.

Kwa shangazi bisibisi ilizama kwenye ubao wote wa chini na takriban kiganja kimoja cha nguzo ya kushoto. Juu ya hapo mbao ilikuwa ngumu kama siku ilipopasuliwa. Kizingiti kilikaguliwa, kikakutwa kizima. Alichoombea ruhusa mwishowe kilikuwa kuunga mbao mpya kwa zile za zamani, kubadilisha vibao saba, na kupiga chokaa chini ya fremu badala ya saruji iliyowekwa huko nyuma na mtu asiyejulikana, ambayo ndiyo iliyokuwa inayabana maji na kuyarudisha ndani. Gharama ilikuwa chini ya ile ya alumini. Fundi alichonga ubao mpya wa chini kwa mteremko mdogo kuelekea nje, akapitisha mfereji mwembamba upande wa chini yake ili tone la mvua lidondoke kichochoroni lisirudi ukutani.

Madirisha matatu yaliyobaki hayajaguswa. Amesema atayapitia kwa bisibisi ile ile kabla ya vuli.